Kabla hujatuma picha yako mashindanoni

Kijana mmoja wa Burumba alifika katika kitengo chetu cha mawasiliano akiwa na simu mkononi na swali moja: "Hii picha ni yangu au si yangu?"

Alikuwa ameipiga Malaba alfajiri. Dereva wa trela ananyoa ndevu mbele ya kioo cha pembeni cha lori lake, povu shavuni, na nyuma yake foleni ya malori imenyooka hadi macho yanachoka. Ni picha nzuri, na nasema hivyo nikiwa mtu anayetazama picha kila siku kwa kazi. Aliituma katika shindano aliloliona mtandaoni. Hakushinda, akasahau. Baada ya miezi kadhaa rafiki yake aliyeko Kisumu akamtumia picha ya bango la biashara kando ya barabara, na juu ya bango ni yule yule dereva na povu lake. Jina la mpiga picha halikuwapo. Malipo nayo hayakuwapo.

Tuliketi naye tukafungua masharti ya shindano lile, kurasa kadhaa za maandishi madogo. Huko chini kabisa palikuwa na kifungu kinachosema kwamba kila anayetuma picha, ashinde asishinde, amewapa waandaaji ruhusa ya kuitumia popote, kwa muda wowote, hata kwa biashara, bila kumlipa. Kijana alikuwa amebonyeza pale penye neno la kukubali. Hatukuwa na la kumwambia ila pole.

Makala haya yametokana na ziara ile. Wapiga picha vijana ni wengi katika kaunti yetu, kuanzia Nambale na Matayos hadi Amukura, Port Victoria na Malaba kwenyewe. Wengi wanapata riziki kwa picha za harusi, mazishi, mahafali na pasipoti. Wapo pia wanaotaka kwenda mbele zaidi: kupiga picha za sanaa, kushindana na wenzao wa nchi nyingine, kutundika kazi zao ukutani watu waje kuzitazama. Njia hiyo ipo, na wa kwetu wanaweza kuipita. Lakini anayeipita bila kujua thamani ya alichoshika mkononi hunyang'anywa mapema.

Studio si kikwazo

Tuanze na dhana moja potovu, kwamba mpiga picha wa studio ni fundi tu na "msanii" ni mtu mwingine, wa Nairobi, mwenye kamera ya bei ya shamba. Seydou Keïta alikuwa na studio mjini Bamako, Mali, aliyoifungua mwaka 1948. Wateja wake walikuwa watu wa kawaida waliotaka picha ya kuwatumia ndugu: akina mama waliovaa vitenge vyao bora, vijana wenye saa na redio, mume na mke wakiwa wametulia. Aliwapanga, akawatafutia pazia la nyuma, akapiga. Hakudhani anafanya sanaa ya makumbusho.

Mwaka 1991 baadhi ya picha hizo zilionyeshwa New York katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika. Watu walizishangaa. Chini yake paliandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Hajulikani, na mwenyewe yuko hai Bamako, ana maelfu ya negativu zake sandukuni! Watu walifunga safari kumtafuta wakampata, na kabla ya kufariki mwaka 2001 jina lake lilikuwa limeenea duniani. Mwenzake wa mji huo huo, Malick Sidibé, naye mtu wa studio na wa kupiga picha za dansi za vijana usiku, alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu ya Venice mwaka 2007 kwa kazi ya maisha yake. Hakuna mpiga picha aliyewahi kuipata tuzo hiyo kabla yake.

Pwani yetu nayo ina historia yake. Omar Said Bakor wa Lamu alijulikana kwa picha za kuunganisha, ambapo mteja angeweza kujikuta ndani ya ua au juu ya mandhari ambayo hakuwahi kufika, na leo watafiti wa ng'ambo wameandika juu ya studio yake.

Nawataja hawa kwa sababu mbili. Kwanza, walikaa na jambo moja kwa miaka mingi. Pili, walitunza negativu. Negativu ya siku hizi ni faili halisi iliyotoka kwenye kamera, na wengi wetu huifuta mara mteja anapolipa ili kupata nafasi kwenye kadi. Nunua diski ya kuhifadhia, weka nakala mbili mahali pawili tofauti, na andika jina lako, tarehe na mahali ndani ya maelezo ya faili. Programu nyingi za picha zina sehemu ya kuandika hayo, na ukiyaandika yanasafiri na picha hata ikifika kwa mtu asiyekujua.

Picha moja haitoshi

Majaji wa picha za sanaa mara nyingi hawatafuti picha moja ya kupendeza. Wanatafuta mfululizo, yaani picha 8, 10 au 15 zinazozungumza jambo moja. Mfano wa karibu nasi ni Sarah Waiswa, mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi zake Kenya. Alipiga mfululizo unaomfuata mwanamke mwenye ualbino katika mitaa ya Kibera, jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Mgeni Katika Nchi Aliyoizoea. Ukiitazama picha moja peke yake unaona mavazi mazuri na rangi. Ukizitazama zote unaanza kuhisi macho ya watu yanavyomfuata mtu asiyefanana nao katika mtaa ulio wake pia. Mwaka 2016 mfululizo huo ulimpatia tuzo ya wapiga picha wapya katika tamasha la Arles, Ufaransa, mojawapo ya matamasha makubwa ya picha duniani.

Sisi hapa mpakani tuna mambo ambayo mpiga picha wa Paris angelipa nauli ndefu kuyafikia. Boda boda ilipata jina lake hapa, kwa baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka. Wazee waliokanyaga pedali hizo wangali nasi, na baadhi ya baiskeli pia. Kuna familia ambazo shamba liko upande huu na kaburi la babu liko upande wa pili. Kuna watu wa Bunyala wanaojenga upya kila mto Nzoia unapofurika. Kule Teso Kaskazini kuna miamba ya Kakapel yenye michoro ya watu wa kale, ambayo ndiyo maonyesho ya kwanza ya sanaa katika ardhi hii, kama mtaniruhusu kusema hivyo. Chagua jambo moja ukae nalo mwaka mzima. (Machweo ya Ziwa Victoria tumeyaona. Ni mazuri. Yametosha.)

Mashindano: soma kabla ya kutuma

Kwa mkaazi wa Busia, jirani wa kwanza katika mambo haya ni Kampala. Iko kilomita 200 hivi kutoka mpakani, ilhali Nairobi iko zaidi ya 400. Mwaka 2012 Uganda ilianza kuwa na Uganda Press Photo Award, shindano la picha za habari, ambalo baadaye lilizaa East African Photography Award lililofungua mlango kwa wapiga picha wa nchi jirani, Kenya ikiwemo. Kwa upande wa dunia, World Press Photo la Amsterdam, lililoanza 1955, sasa huhukumu picha kwa kanda, na Afrika ni kanda yake yenyewe. Kanda hufuata mahali picha ilipopigwa, kwa hiyo picha iliyopigwa Kenya haipimwi tena moja kwa moja na iliyopigwa Marekani katika hatua ya kwanza. Kushiriki ni bure, na wanaofika hatua za mwisho hutakiwa kutoa faili halisi ili ithibitishwe kwamba hakuna kilichoongezwa wala kuondolewa. Picha iliyotengenezwa na akili mnemba haikubaliwi.

Kila shindano lina masharti yake na hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo usitegemee ulichosikia kwa rafiki. Fungua masharti, tafuta kifungu cha haki za picha, ukisome polepole. Shindano la heshima huomba ruhusa ya kutumia picha za washindi kutangaza shindano lenyewe na maonyesho yake, kwa muda fulani, na jina lako likiwepo. Ukiona wanataka picha zote zilizotumwa, hata za walioshindwa, kwa matumizi yoyote na bila kikomo, ujue unatoa mali bure. Ada ya kuingia si lazima iwe ishara ya utapeli, lakini ukiambiwa umeshinda kisha ulipe ili upewe tuzo, funga simu. Tazama pia waandaaji ni nani, majaji wametajwa kwa majina, na washindi wa mwaka uliopita wanaonekana wapi.

Maelezo ya picha yanawaangusha wengi kuliko picha yenyewe. Nani yuko kwenye picha, wapi, lini, nini kinatokea: sentensi mbili tatu zilizo wazi zinatosha. Usiandike shairi. Na usitume faili iliyopita kwenye WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa kuwa huko hupunguzwa ukubwa. Itume kama waraka au kwa barua pepe. Ili picha ichapishwe vizuri kwa upana wa inchi 12 na urefu wa inchi 18, inahitaji takriban pikseli 3,600 kwa 5,400.

Picha ni ya nani?

Hili ndilo swali la kijana wetu, na jibu lake linawashangaza wengi.

Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, picha inalindwa tangu inapopigwa. Ulinzi haungoji usajili. Unadumu miaka 50, ikihesabiwa kutoka mwisho wa mwaka ambapo picha ilipigwa au ilitolewa kwa umma mara ya kwanza, kutegemea lipi lilikuja baadaye. Hata hivyo kusajili kunasaidia sana siku ya mzozo, na Bodi ya Hakimiliki Kenya ina mfumo wa kusajili kazi mtandaoni, bila kufunga safari ya Nairobi.

Sasa ukumbuke hili. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba kazi iliyoagizwa na mtu, au iliyofanywa na mwajiriwa akiwa kazini, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Maana yake ni kwamba picha ya bibi harusi uliyolipwa kuipiga pale Nambale si yako ya kupeleka mashindanoni kwa kuwa tu wewe ndiwe uliyebonyeza kamera. Mimi mwenyewe picha ninazopiga kazini ni za mwajiri wangu. Dawa ni ndogo: katika stakabadhi au makubaliano yako na mteja, ongeza mstari mmoja unaosema unabaki na hakimiliki au unaruhusiwa kuonyesha picha kadhaa, kisha wote wawili mtie sahihi. Afanye hivyo hata mwenye kibanda cha picha za dakika tano.

Hata hakimiliki ikienda, haki ya kutajwa kuwa wewe ndiwe mpiga picha haiendi nayo. Kwa hiyo jina lililokosekana kwenye bango la Kisumu ni jambo ambalo kijana wetu angali anaweza kulidai, ingawa pesa huenda zimempita. Tumemwelekeza kwa Bodi.

Aliye ndani ya picha

Kuna mtu mwingine katika hadithi hii ambaye hakuna aliyemuuliza: dereva. Uso wake unauza bidhaa ambayo labda hajawahi kuinunua.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake binafsi. Sanaa na uandishi wa habari vimepewa nafasi maalumu katika sheria hiyo pale ambapo kuna maslahi ya umma, kwa hiyo si kweli kwamba huwezi kupiga picha sokoni bila karatasi 300 za sahihi. Lakini tangazo la biashara si sanaa, na mtoto si mtu mzima. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na ukumbi mmoja wa burudani shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakukubali. Hawa hawakuwa wapiga picha wa sanaa, ila mpiga picha anayeuza kazi yake kwa shule au hoteli ajue iko wapi mipaka.

Mbali na sheria kuna maisha ya watu. Picha ya mama aliyejitwika gunia akivuka njia ya panya, maji magotini, ukungu wa asubuhi nyuma yake, inaweza kushinda tuzo. Inaweza pia kuwa ushahidi dhidi yake. Wewe utapanda ndege kwenda kupokea cheti, naye atapoteza mzigo wa mkopo wa chama. Sisemi jambo hilo lisipigwe picha kamwe. Nasema uketi naye kwanza: "Mulembe mama, naitwa fulani, napiga picha za maisha ya mpakani, nataka kuzionyesha watu wengine." Mweleze zitakwenda wapi. Akikataa uso wake, kuna mikono, kuna gunia, kuna nyayo kwenye matope, na mara nyingi picha hizo ndizo zenye nguvu zaidi. Mwachie namba yako. Rudi na nakala iliyochapishwa umpe. Mpiga picha anayerudi na nakala hufunguliwa milango ambayo mwenye lenzi ndefu haioni.

Katika vituo vya mpaka vya Busia na Malaba, omba ruhusa ya maandishi kwa wasimamizi kabla ya kutoa kamera. Ni maeneo ya usalama. Afisa anayekuzuia anafanya kazi yake, na mabishano yameshawaponza watu vifaa vyao.

Ukuta wa kutundika

Tukubali kwamba kaunti yetu haina jumba la sanaa la kutundika picha kwa taa na ulinzi. Ni upungufu, na si lazima tuupambe. Lakini maonyesho hayangoji jumba. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 na 2008, Boniface Mwangi na wenzake walichukua picha za siku zile wakazipeleka barabarani katika miji mbalimbali ya Kenya kwa jina la Picha Mtaani. Watu walisimama wakitoka sokoni, wakatazama, wengine wakalia, wengine wakagombana, wakazungumza. Hakuna aliyelipa kiingilio.

Ukumbi wa shule, maktaba, kanisa, ua wa hoteli, ukuta wa soko siku isiyo ya soko: vyote vinafaa. Kwa mahali pa umma anza na ofisi ya msimamizi wa wadi yako, kwa barua yenye tarehe, idadi ya picha na namna zitakavyofungwa. Fikiria mvua ya saa tisa. Picha zilizochapishwa kwenye turubai ya mabango huvumilia hali ya hewa na hazihitaji kioo. Karatasi nzuri ya pamba na wino wa kudumu ziweke kwa maonyesho ya ndani na kwa wanunuzi.

Kuhusu kuuza, watu huuliza kwa nini picha moja iuzwe bei ya kuku na nyingine bei ya ng'ombe. Sababu moja ni idadi. Mpiga picha wa sanaa huamua kwamba picha hii itachapishwa nakala 5 au 10 tu kwa ukubwa huu, anaziandika namba, 1/5, 2/5, anatia sahihi, na hazidishi tena. Mnunuzi analipia picha, na analipia pia neno lako. Ukichapisha ya sita kwa siri, umejiharibia soko mwenyewe.

Anayevuka kwenda Kampala kuonyesha au kutazama atumie kitambulisho chake. Tangu 2014 kinakubaliwa kati ya Kenya, Uganda na Rwanda. Mwenye kamera na picha nyingi za fremu apitie dawati la forodha anapotoka, avitangaze na apewe karatasi, asije akaulizwa ushuru wa mali yake mwenyewe anaporudi.

Mkaazi aliye na masharti ya shindano asiyoyaelewa anaweza kuyaleta katika kitengo chetu cha mawasiliano tuyasome pamoja. Sisi si mawakili, lakini kusoma tunajua, na jicho la pili husaidia.

Kijana wa Burumba hajaacha. Sasa anapiga vioo vya malori, vioo peke yake, na ndani ya kila kioo uso wa dereva: wa Kenya, wa Uganda, wa Rwanda, wa Kongo. Ana daftari la kurasa 96 ambalo kila dereva ameandika jina na namba yake kwa mkono wake. Picha zimefika 11. Yule wa kwanza, wa povu, bado anamtafuta. Wenzake wa foleni wanasema hupita Malaba kila baada ya wiki mbili tatu, akielekea Juba.